Toleo la Nne na Toleo la Tano

Wazee wetu walituachia methali mbili zipinganazo. Moja husema, haraka haraka haina baraka; nyingine hujibu, ngoja ngoja huumiza matumbo. Mhandisi aletewapo toleo jipya la programu yake ya kuchorea, zote mbili humnong'oneza. Akilipokea upesi, huenda kazi iliyo mkononi ikaharibika. Akilikataa, huenda akaachwa nyuma.

Kampuni ya Airbus ya Ulaya ilipokuwa ikiunda ndege yake kubwa ya abiria, A380, wahandisi wa Toulouse, Ufaransa, walikuwa wamekwisha kupokea toleo la 5 la programu iitwayo CATIA. Wenzao wa Hamburg, Ujerumani, walibaki na toleo la 4 walilolizoea. Kila upande ulikuwa na hoja yake. Lakini ndege ilikuwa moja, na ndani yake zilipita nyaya za umeme zenye urefu wa kilometa 530 hivi. Michoro haikupatana, nyaya zilipofungwa ndegeni huko Toulouse, nyingine zilionekana fupi.

Ikawa kufumua na kufunga upya. Ndege iliruka mara ya kwanza Aprili 2005, lakini mnunuzi wa kwanza aliipokea Oktoba 2007, karibu miaka miwili baada ya siku ya ahadi.

Basi, ni methali ipi iliyosema kweli? Toleo la 4 halikuwa bovu, wala la 5 halikuwa baya. Kosa ni kwamba watu wa kazi moja waliamua mbalimbali. Kabla ya kuuliza kama kitu kipya ni chema, mwulize mwenzako yeye ameshika kipi.