Viti Vilivyobaki Wazi: Kwaya Yetu na Wale Waliotuacha

Tunamshukuru Mungu aliyetufikisha siku hii ya jubilei. Katika kurasa zilizotangulia mmesoma jinsi kwaya ilivyoanza, walimu waliotufundisha, mashindano tuliyoshinda na yale tuliyorudi nyumbani mikono mitupu. Ukurasa huu ni wa namna nyingine.

Kamati ilipokutana kuandaa kijitabu hiki, tulitandaza picha za zamani mezani, tukaanza kuandika majina nyuma ya kila picha. Katika kila moja tuliona watu wa makundi matatu: walio nasi hadi leo, waliolala katika Bwana, na walioacha kuja. Makundi mawili ya kwanza tayari yalikuwa na kurasa zao. Kundi la tatu halikuwa na ukurasa. Mzee mmoja wa sauti ya nne akauliza, "Na hawa je, hawakuimba?" Hatukuwa na la kumjibu.

Hatusemi juu ya waliohamia miji mingine, wala waliojiunga na makanisa mengine kwa ndoa au kwa kazi. Tunasema juu ya wale walioanza kuuliza maswali kuhusu imani, wakajibiwa vibaya au wasijibiwe kabisa, wakaondoka. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya 755,750 waliosema hawana dini yoyote. Hao ni wachache sana karibu na Wakristo, ambao ni zaidi ya asilimia 80 ya wananchi. Lakini sensa haiwezi kumhesabu mtu anayejiandika Mkristo, anakuja kila Jumapili, anavaa joho na kuimba, ilhali moyoni aliondoka zamani. Huyo tunamjua sisi tunaosimama kando yake.

Mwaka wa 1929

Kanisa letu lina mizizi yake katika misheni ya Waskoti kule Thogoto, kwa hiyo jambo hili lina historia ndefu kuliko kwaya yetu. Kuondoka kukubwa kwa kwanza ambako wazee wetu walikuona kulitokea mwaka wa 1929.

Misheni ilikuwa ikipinga ukeketaji wa wasichana kwa miaka mingi. Kiongozi wake pale Thogoto alikuwa Dkt. John Arthur, daktari aliyefika nchini mwaka wa 1907 na kutibu watu wengi. Mwaka huo wa 1929 walimu na washirika walitakiwa kuweka sahihi kwenye tamko la kuikataa desturi hiyo na kujitenga na chama cha Kikuyu Central Association. Asiyejua kuandika aliweka alama ya kidole gumba, ambayo kwa Kikuyu huitwa kirore. Ndipo waliokubali wakaitwa Kirore, na waliokataa wakaitwa Aregi. Nyumba moja ikawa na majina mawili.

Tuseme wazi, kwa sababu binti zetu wanasoma kijitabu hiki: katika jambo lenyewe misheni haikukosea. Ukeketaji huumiza, na sheria ya Kenya ya mwaka 2011 inaukataza. Lakini karatasi ile ilifunga mambo mengi pamoja. Wakati huo watu walikuwa wamepoteza mashamba, walikuwa wakilipa kodi nzito, na waliogopa kwamba kitakachofuata ni kupoteza kila kilichobaki. Wengi walisikia swali moja likiulizwa kwa niaba ya mengine yote: je, uko upande wetu au upande wao? Na lilikuja na karatasi, bila nafasi ya kukaa chini na kuzungumza.

Washirika wengi sana waliondoka. Madarasa ya misheni yakabaki na watoto wachache. Na walioondoka waliimba. Wimbo wa Muthirigu, uliowakejeli wamisionari na machifu, ulienea vijijini hadi serikali ikaupiga marufuku mapema mwaka wa 1930. Sisi wanakwaya tunapaswa kulikumbuka hilo. Wimbo hauanzi kanisani peke yake. Mtu akinyimwa nafasi ya kusema ndani, atatoka nje na kuimba.

Linalotushangaza zaidi ni walichokibeba walipotoka. Walichukua Biblia. Walichukua nyimbo, sala na daftari za shule. Wakajenga shule zao wenyewe, na makanisa yao wenyewe yakazaliwa, ndiyo African Independent Pentecostal Church na Kanisa la Orthodox la Kiafrika. Walipokosa wachungaji, walimwalika Askofu Mkuu Daniel William Alexander kutoka Afrika Kusini, akaja mwaka wa 1935 kuwafundisha na kuwawekea mikono watumishi wao. Mtu aliyemwacha Mungu hamwiti askofu kutoka mbali hivyo. Wengi wa walioitwa waasi walikuwa wakitafuta mahali pa kumwabudu Mungu yuleyule bila kudharauliwa. Wajukuu wa Aregi wako katika kwaya hii leo.

Daktari wa pili

Mwaka huohuo wa 1929, daktari mwingine mmisionari alifika Kampala akiwa amechoka mwili na roho. Alikuwa Joe Church, aliyefanya kazi katika hospitali ya Gahini, Rwanda, wakati njaa kubwa ilipoikumba nchi ile. Kazi ilimshinda, na imani yake mwenyewe ilikuwa imekauka. Karibu na kanisa kuu la Namirembe alikutana na Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi. Hakujifanya mzima. Wakakaa pamoja, mwafrika na mzungu, wakisoma Biblia na kuomba.

Kutokana na urafiki wa watu kama hao uamsho wa Afrika Mashariki ulikua. Mwaka wa 1937 ulifika Kabete, jirani na Thogoto. Tangu wakati huo wimbo wa Kiganda, Tukutendereza Yesu, umeimbwa na watu wasiojua Kiganda hata kidogo, na sisi tumo. Katika mikutano ile watu walisimama na kutaja makosa yao hadharani, na wamisionari nao walisimama na kuwaomba msamaha Waafrika. Ndugu wa uamsho nao walikuwa na ukali wao, na wako waliojeruhiwa na hukumu zao. Lakini jambo hili moja walitufundisha: mtu anayekiri upungufu wake humfungulia mwenzake mlango wa kusema kweli.

Basi mwaka mmoja, madaktari wawili. Mmoja alikuwa na jibu sahihi na karatasi ya kutiwa sahihi. Mwingine hakuwa na jibu, alikuwa na njaa ya roho na rafiki wa kuketi naye. Hatuandiki haya ili kumhukumu Dkt. Arthur, aliyewapenda watu kwa namna alivyojua. Tunaandika kwa sababu sisi wenyewe tulifanya kama yeye.

Kirore chetu wenyewe

Katika miaka ya 1980 tulikuwa na kijana wa sauti ya tatu. Hatutamtaja jina, wenye umri wanamjua. Ndiye aliyetuandikia solfa. Alikuwa akisikia wimbo redioni mara mbili, kesho yake analeta karatasi yenye sauti zote nne. Alienda chuo kikuu, na aliporudi likizo alikuwa na maswali. Aliuliza kuhusu umri wa dunia na kitabu cha Mwanzo. Aliuliza kwa nini vitabu vya Injili havisimulii mambo kwa namna moja. Mara moja, mazoezi yalipokwisha, aliuliza kwa nini tulimwombea dada yake siku arobaini naye akafa.

Kamati ilimwita. Tulikuwa watu saba upande mmoja wa meza, yeye peke yake upande wa pili. Tulizungumza kwa saa mbili kuhusu umri wa dunia, kwa sababu juu ya hilo tuliweza kubishana. Habari ya dada yake hatukuigusa. Mwisho tukamwambia achague: aseme mbele ya kwaya kwamba ameacha maswali hayo, au arudishe joho. Alilirudisha Jumamosi iliyofuata, limefuliwa na kupigwa pasi, akaliweka mezani pa mwenyekiti na kuondoka.

Wakati ule tulisema tumeilinda kwaya. Leo tunaona kwamba tulimwekea kirore. Swali lake la kweli lilikuwa kilio cha msiba, nasi tulilijibu kama hoja ya mdahalo. Karatasi za solfa alizoandika kwa mkono wake bado tunazitumia. Miaka yote hii tumeimba kwa mwandiko wake huku jina lake halitajwi.

Mtu mmoja tu hakumwacha. Marehemu mwalimu wetu wa kwaya alikuwa akimtembelea, wakinywa chai na kuzungumza juu ya muziki. Tulipomuuliza kama amemshawishi arudi, alijibu, "Sikwendi kumrudisha. Nakwenda kumwona." Wengine wetu tulimlaumu. Sasa tunajua kwamba ni yeye aliyefanya kazi ya kwaya yote.

Mwimbaji aliyekaribia kuteleza

Laiti tungesoma vizuri kitabu chetu cha kwanza cha nyimbo, yaani Zaburi. Asafu alikuwa mkuu wa waimbaji wa Daudi, mwalimu wa kwaya kwa lugha yetu. Katika Zaburi ya 73 anakiri kwamba alikaribia kuteleza alipoona waovu wakistawi, na kwamba alijiuliza kama utakatifu wake ulikuwa wa bure. Hakufukuzwa kwenye kwaya. Shaka yake ikawa wimbo wa taifa zima. Zaburi ya 88, iliyo ya wana wa Kora, inaishia gizani bila faraja hata mstari wa mwisho, na bado ilikabidhiwa mwimbishaji ili iimbwe. Israeli walikuwa na mahali pa kuweka wimbo wa namna hiyo. Sisi hatukuwa na mahali pa kumweka mtu wa namna hiyo.

Tomaso naye alisema hataamini asipogusa majeraha. Siku nane baadaye bado alikuwa chumbani pamoja na wenzake. Inaonyesha kwamba hawakumtoa. Angetolewa, Bwana alipokuja asingemkuta pale.

Swali la kinanda

Hatujabadilika kabisa, lakini tumejifunza kidogo. Juni 2024, vijana wa Kenya walipoandamana kupinga Mswada wa Fedha, wengi waliyageukia makanisa na kuuliza kwa nini wanasiasa wanapewa mimbari na kwa nini pesa zao zinapokelewa bila kuulizwa zimetoka wapi. Novemba mwaka huo Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi aliagiza mchango wa Rais kwa parokia moja urudishwe, na ndani yake zilikuwemo pesa za kwaya.

Vijana wetu nao walituuliza: kinanda hiki kilinunuliwa na nani? Safari hii hatukumwita mtu mbele ya kamati. Mweka hazina alileta daftari la harambee, tukalisoma kwa sauti mbele ya kwaya yote, jina kwa jina, shilingi kwa shilingi. Kulikuwa na michango tuliyoona haya kuisoma, tukaisoma. Vijana wawili waliondoka hata hivyo. Walituaga, na tukikutana sokoni wanatusalimu. Waliobaki wanasema walibaki kwa sababu ya siku ile.

Tunayoacha kwa watakaotufuata

Kwa kwaya itakayoimba katika miaka 50 ijayo, tunaacha maneno machache. Kuuliza si ujinga, wala si dhambi. Mtu akiuliza, sikilizeni kwanza kama anauliza kwa kichwa au kwa jeraha, maana vyote viwili hutumia maneno yaleyale. Jibu mkiwa nalo, lisemeni kwa upole. Msipokuwa nalo, semeni hamnalo. Kosa la kanisa likitajwa na likiwa la kweli, likubalini kabla ya kutetea lolote. Msimpe mtu karatasi ya kutia sahihi siku ya msiba wake. Na akiondoka, endeleeni kumtembelea bila kumhesabia siku. Hatusemi kwamba imani haina mipaka, wala kwamba kila jibu ni sawa. Tunaamini tunachokiimba. Lakini ukweli tunaouamini hauhitaji kulindwa na watu saba nyuma ya meza.

Mwezi uliopita mwenyekiti na wazee wawili walikwenda nyumbani kwa mwandishi wetu wa solfa. Walimwomba msamaha kwa niaba ya kwaya, kisha wakamuuliza habari za dada yake, miaka mingi baada ya wakati wake. Alisimulia mpaka giza likaingia. Kuhusu Mungu, alisema bado hana hakika, na hawakubishana naye. Waliporuhusiwa kuondoka, wakamwalika kwenye sherehe hii. Alisema atakuja, lakini hataimba.

Basi leo, ndugu, mkiona viti vichache mbele karibu na sauti ya tatu havina karatasi ya jina, msivikalie. Vimewekewa wenyewe. Atakayekuja aimbe, au asikilize tu, au akae dakika chache na kwenda zake, karibu. Na wewe unayesoma haya ukiwa umevaa joho na una swali usilowahi kumwambia mtu, mazoezi ni kila Jumamosi saa nane. Njoo nalo.