Kukaa Demani: Neno la Jahazi kwa Mbio za Baiskeli

Mashindano ya baiskeli ya barabarani yana ujuzi mmoja ambao mtazamaji wa kando ya lami hauoni kwa urahisi. Ni ujuzi wa kumfuata mwenzako kwa karibu na kwa pembe inayofaa, ili mwili wake ukukinge upepo nawe uende mwendo uleule kwa nguvu pungufu. Waendeshaji wengi wa Kenya huuita kudrafti. Neno hilo linatosha baina ya watu wanaolijua tayari. Halimfai kijana wa Msambweni anayejiunga na klabu kwa mara ya kwanza, wala mtangazaji wa redio anayetaka kueleza kwa nini watu themanini wanaendesha wamebanana ilhali barabara ni pana.

Makala hii inapendekeza ujuzi huo uitwe kukaa demani. Neno demani ni la mabaharia wetu, na pwani ya Kwale ni mahali pazuri pa kulipima, kwa sababu barabara yake kuu inakwenda sambamba na bahari na pepo zake mbili kuu zinajulikana kwa majina.

Jambo lenyewe

Anayeendesha kwenye tambarare kwa kilomita 40 kwa saa hutumia karibu asilimia 90 ya nguvu zake kupambana na hewa. Kinachobaki huliwa na msuguano wa tairi, mnyororo na beringi. Ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo, na nguvu ya kuushinda hukua kwa mchemraba wake. Ndiyo maana anayetoka kilomita 30 hadi 36 kwa saa, nyongeza ya moja ya tano tu, hudaiwa zaidi ya asilimia 70 ya nguvu ya ziada dhidi ya hewa.

Mwili unaopasua hewa huacha nyuma yake eneo la hewa iliyovurugika, ambayo tayari inaburutwa kuelekea mbele. Anayeingia katika eneo hilo hupigwa na upepo mdogo kuliko aliye nje. Wakiwa wawili tu, wa nyuma anaweza kupunguziwa ukinzani kwa kiasi cha theluthi. Hata wa mbele hupata faida ndogo, kwa kuwa mwenzake huijaza nafasi ya shinikizo hafifu iliyokuwa ikimvuta nyuma. Katika kundi kubwa faida hupanda mno. Mwaka 2018 Bert Blocken wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Eindhoven, Uholanzi, pamoja na wenzake, walichapisha matokeo ya hesabu za kompyuta na majaribio ya handaki la upepo kuhusu kundi la waendeshaji 121. Waliokuwa ndani, kuelekea nyuma ya kundi, walikabiliwa na asilimia 5 hadi 10 tu ya ukinzani ambao mtu angeupata akiwa peke yake kwa mwendo huohuo.

Kwa hiyo mbio za barabarani zinahitaji kifua na akili kwa pamoja. Mwaka 2008 Wakenya wawili, Zakayo Nderi na Samwel Mwangi, walipelekwa Ufaransa kujipima kwenye mlima maarufu wa Alpe d'Huez, na Nderi akaumaliza kwa takriban dakika 42. Huo ni muda wa kuheshimika sana kwa mtu asiyetoka katika timu za kulipwa. Lakini mlimani mwendo ni mdogo na uzito ndio adui mkubwa. Kwenye tambarare, mwenye mapafu kama hayo asiyejua kujificha upepo atachoka kabla mbio hazijaanza kuamuliwa.

Majina yanayoshindania nafasi

Kukaa nyuma ndilo jina jepesi kuliko yote, na ndilo linalopotosha zaidi. Kinga haiko nyuma ya mwenzako kila mara. Upepo ukitoka ubavuni, kinga nayo huhama. Tena katika Kiswahili aliyekaa nyuma ni aliyezidiwa, na kocha hataki kumfundisha mwanafunzi jambo la maana kwa neno la kushindwa.

Kujikinga upepo ni maelezo safi, na litaendelea kutumika. Udhaifu wake ni kwamba hata aliyevaa koti au aliyejibanza ukutani anajikinga upepo. Pia halina kinyume: aliye mbele, anayekula upepo kwa niaba ya wengine, tutamwitaje?

Kivuli cha upepo lina mvuto, nalo linalingana neno kwa neno na jina la Kijerumani. Msomaji wa Kiswahili, hata hivyo, atalazimika kwanza kufikiria jua, kisha alibadilishe kuwa upepo, kisha afike barabarani. Kunyonya gurudumu ni msemo wa Wafaransa. Ukiletwa huku mzimamzima hauelezi upepo kabisa.

Joshi na demani

Katika ngalawa, mashua au jahazi, joshi, ambayo wengine huiita goshi, ni pembe ya chini ya tanga iliyo upande wa mbele. Upande wa joshi ndiko upepo unakotoka. Demani ni kamba inayoishika pembe ya nyuma ya tanga, ile inayokazwa na kulegezwa kadiri upepo unavyobadilika, na upande wa demani ndiko upepo unakoelekea: upande uliokingwa. Maneno haya yamo katika kamusi zetu tangu zamani, ikiwamo ile ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, na jambo linalotajwa nayo bado ni kazi ya kila siku kwa wavuvi wa Gazi, Shimoni na Vanga.

Ubora wa kwanza wa neno demani ni kwamba linafuata upepo. Halisemi nyuma, kulia wala kushoto. Linasema mahali upepo usipofika kwa nguvu, popote pawapo. Huo ndio hasa ujuzi tunaoutafutia jina. Ubora wa pili ni kwamba lina pacha wake. Anayeongoza yuko joshini, anayefuata yuko demani, nao wakipokezana tunasema wanapeana zamu ya joshi. Ubora wa tatu ni kwamba linaingia katika sentensi bila taabu: kaa demani, ametoka demani, wamemnyima demani, demani imehamia kushoto.

Kulipima neno barabarani

Kutoka Ukunda hadi Msambweni, kupitia Mwabungo na Gazi, barabara inaelekea kusini ikiegemea magharibi kidogo. Bahari iko kushoto kwa anayekwenda. Tuchukue alasiri ya kusi, upepo ukitoka kusini-kusini-mashariki kwa kilomita 18 kwa saa, na mwendeshaji akienda kwa kilomita 36 kwa saa. Upepo unamjia mbele kushoto, kwa pembe ya karibu nyuzi 45.

Lakini huo sio upepo anaouhisi. Mwendo wake mwenyewe humtengenezea upepo wa mbele, na pepo hizo mbili zikijumlishwa zinatoa upepo mmoja wa takriban kilomita 50 kwa saa, unaotoka kushoto kwa nyuzi 15 tu. Baharia anaijua hali hiyo: chombo kikishika kasi, upepo huonekana kusogea kuelekea omo. Ukinzani wa hewa umekaribia kuwa maradufu ya ule wa siku tulivu. Demani nayo imesogea kulia, na kwa umbali wa mita mbili kati ya mwili na mwili, msogeo huo ni kama nusu mita. Anayejipanga nyuma kabisa, gurudumu kwa gurudumu, ameikosa sehemu nzuri ya kinga kwa nusu mita hiyo. Atakapoona mwenzake anapungua machoni, atadhani miguu imemwishia.

Minazi ikiwa minene upande wa bahari, upepo huvunjika na kila mtu hustarehe. Inapokatika ghafla, penye shamba lililo wazi au penye uwazi wa ghuba, ndipo aliyezoea kutazama gurudumu tu anapoachwa.

Sasa tugeuke. Wakati wa kaskazi, anayerudi kutoka Msambweni kwenda Ukunda hupigwa na upepo wa mbele kulia, kutoka baharini. Demani yake iko kushoto, upande wa ukingo wa lami. Barabara ni ileile na baiskeli ni ileile, ila demani imegeuka. Hakuna jina lenye neno nyuma ndani yake linaloweza kubeba tofauti hiyo.

Mshazari, na gharama ya kuukosa

Waendeshaji kadhaa wakijipanga kila mmoja kwenye demani ya mwenzake, safu yao hailingani tena na barabara. Inakata kwa pembe kutoka ukingo mmoja kuelekea mwingine. Kiswahili kina neno la umbo hilo: mshazari. Safu ya mshazari ina kikomo, kwa sababu lami ina kikomo. Wakishajaa watu kumi au kumi na watano, anayefuata hana tena mahali pa kujificha. Hubanwa ukingoni, joshini pasipo zamu, na kundi hukatika hapo alipo.

Mfano ulio karibu nasi ni wa Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kufundishwa baiskeli na David Kinjah kule Mai-a-Ihii, Kikuyu. Katika hatua ya 13 ya Tour de France ya mwaka 2013, iliyoishia Saint-Amand-Montrond, Froome alikuwa amevaa jezi ya manjano. Upepo wa ubavuni ulivuma, timu ya Alberto Contador ikaongeza kasi na kupanga mshazari wao, na Froome akabaki upande usio na demani. Alipoteza dakika 1 na sekunde 9 kwenye ardhi tambarare, siku ambayo hakukuwa na mlima wa kumtisha. Alishinda mashindano hayo mwaka huo, na somo alilibeba. Katika hatua ya 11 ya mwaka 2016, kuelekea Montpellier, upepo wa ubavuni ulipolivuruga kundi, yeye ndiye aliyechomoka pamoja na Peter Sagan na wenzao wawili, akajiongezea sekunde juu ya wapinzani wake.

Kuna na yule anayekaa demani mwendo wote, hakubali zamu ya joshi hata moja, kisha mita mia mbili kabla ya mwisho anawapita waliomkinga. Kiswahili kimeshampa jina tangu mezani: mdoezi. Tabia yake tuiite kudoea. Wakati mwingine huo ni mkakati halali, hasa kama ana mwenzake wa timu aliyetangulia mbele na hana sababu ya kusaidia kumfukuza. Jina linabaki lilelile. Hukumu ndiyo itakayotofautiana.

Maswali mawili kwa neno hili

La kwanza ni la msimu. Kwa watu wengi wa pwani, demani ni majira ya mwisho wa kusi, upepo unapolegea, kuanzia karibu Agosti hadi Novemba. Je, maana hizo mbili hazitagongana? Mabaharia wameishi nazo zote mbili kwa vizazi bila kupotea, kwa kuwa muktadha hutenganisha: wakati wa demani ni majira, upande wa demani ni mahali. Kukaa demani, kama kitendo cha mtu juu ya baiskeli, hakuwezi kueleweka kuwa ni mwezi wa Septemba.

La pili ni la uwanjani. Mbio za uwanja wa mbao, ambao kwa kawaida mzunguko wake ni mita 250, hufanyika ndani ya jengo lisilo na kusi wala kaskazi. Demani itatoka wapi? Jibu ni ule upepo wa mwendo tuliouona barabarani. Katika mbio za kufukuzana kwa timu, wanne huendesha kilomita 4 wakiwa karibu kugusana. Anayemaliza zamu yake hupanda juu ya mteremko wa kona, huwaacha wenzake wapite, kisha hushuka nyuma ya wa mwisho. Muda wa timu huhesabiwa kwa mtu wa tatu kufika, kwa hiyo mmoja anaweza kutumia nguvu zake zote joshini na kuachwa. Hapo demani iko nyuma moja kwa moja, maana upepo wote unatoka mbele. Neno limeelekeza sawasawa bila kubadilishwa.

Linasaidia hata katika kueleza kanuni. Katika mbio za kila mtu na saa yake, kukaa demani ya mpinzani ni marufuku. Kanuni za UCI, chama cha kimataifa cha mchezo huu, zinamtaka anayempita mwenzake aache nafasi ya mita 2 ubavuni, na baada ya kilomita moja aliyepitwa awe mita 25 nyuma.

Neno na usalama

Nimeliacha mwisho jambo ninalolijali kuliko yote. Kenya tunaendesha upande wa kushoto. Kwa hiyo alasiri ile ya kusi, anayekwenda Msambweni demani yake iko upande wa katikati ya barabara, yanakopita malori na matatu. Kujipanga mshazari huko bila barabara kufungwa ni kuhatarisha maisha. Kocha asiye na neno la kueleza hilo atasema tu "mfuate mwenzako", na mwanafunzi mwerevu, akiutafuta unafuu kwa mwili wake, atasogea kulia bila kujua anakosogea. Kocha mwenye neno atauliza kabla hawajatoka Ukunda: leo upepo unatoka wapi, na demani iko upande gani? Jibu likiwa kulia, siku hiyo ni ya safu moja nyembamba, kila mtu akubali kula upepo. Mazoezi ya mshazari yangoje barabara iliyofungwa. Swali hilo linaweza kuulizwa na kujibiwa kwa Kiswahili leo, na kila klabu ya Diani, Kwale na Msambweni inastahili kuliuliza kabla ya kupanda baiskeli.