Buluu ya Profesa Lowry

Mwaka 2014 jarida la sayansi la Nature lilifanya hesabu ya ajabu kidogo. Lilichukua kazi zote zilizoorodheshwa katika hazina ya marejeo iitwayo Web of Science, zipatazo milioni 58, likajiuliza: kama kila kazi ingechapwa ukurasa wake wa kwanza tu, na kurasa hizo zikapangwa moja juu ya nyingine, rundo lingefika wapi? Jibu likawa karibu na kilele cha Kilimanjaro.

Mfano huo haukutungiwa mpagazi wa Marangu, lakini yeye angeuelewa kuliko maprofesa wengi. Anayetoka lango la Marangu asubuhi na kufika vibanda vya Mandara jioni, mita 2,720 juu ya usawa wa bahari, angekuwa bado yumo katikati ya makala ambazo hazijawahi kutajwa na mtafiti mwingine yeyote, au zimetajwa mara moja tu. Hizo ni karibu nusu ya mlima. Makala zilizonukuliwa zaidi ya mara 1,000 zingekaa katika mita moja na nusu ya mwisho, kimo cha mtoto wa darasa la saba. Na zile 100 za juu kabisa? Sentimita moja, unene wa kidole.

Karatasi iliyo juu ya zote si ya Einstein. Wala si ile ya Watson na Crick ya mwaka 1953 iliyoeleza umbo la DNA. Hiyo haikuingia hata katika mia bora, kwa sababu ilikuwa imenukuliwa mara 5,000 na ushei tu. Karatasi ya juu kabisa ni ya makala ya kurasa 11 iliyotoka mwaka 1951 katika Journal of Biological Chemistry, ikieleza namna ya kupima kiasi cha protini kwenye maji. Mwandishi wake wa kwanza ni Oliver Lowry.

Lowry alizaliwa Chicago mwaka 1910. Alianza na uhandisi wa kemikali, akahamia baiokemia, na kufikia 1937 alikuwa na shahada mbili, ya udaktari wa tiba na ya uzamivu. Mwaka 1939 alikwenda Copenhagen, kwenye maabara ya Carlsberg iliyoanzishwa na mfanyabiashara wa bia. Huko, chini ya Kaj Linderstrøm-Lang, alijifunza kazi iliyomteka maisha yake yote: kupima vitu vidogo mno.

Ujuzi huo ulipata matumizi upesi. New York, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, yeye na Otto Bessey walitengeneza njia za kupima vitamini kwa matone machache ya damu ya kidole. Badala ya kumtoboa mtoto mshipa na kujaza sindano nzima, walimchoma ncha ya kidole basi. Kwa njia hiyo waliweza kuchunguza lishe ya watoto wa shule zaidi ya elfu moja.

Mwaka 1947 alichukua ukuu wa idara ya famakolojia katika Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis. Njia yake ya kupima protini ilikuwa tayari inapita mkono kwa mkono, kama mapishi ya shangazi ambayo hayajaandikwa popote. Wenzake waliitumia, lakini walipochapisha kazi zao hawakuwa na cha kutaja isipokuwa kusema ni njia ya Lowry ambayo haijachapishwa. Miongoni mwa waliomhimiza aiandike alikuwa Earl Sutherland, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1971. Lowry akaiandika.

Kemia yenyewe hakuibuni, na makala inakiri hivyo tangu mwanzo: inamtaja Mchina Hsien Wu, aliyependekeza mwaka 1922 kwamba kitendanishi cha Folin kitumike kupimia protini. Sampuli huchanganywa kwanza na maji yenye magadi na chumvi ya shaba, ikaachwa dakika kumi. Kisha hutiwa kitendanishi cha Folin, chenye rangi ya manjano, na kukorogwa papo hapo, maana ndani ya magadi kitendanishi hicho huharibika haraka. Baada ya nusu saa maji huwa ya buluu. Buluu ikikolea, protini ni nyingi. Ikififia, ni kidogo. Wengine walishajaribu hayo vipande vipande. Lowry na wenzake walitafuta kiasi sahihi cha kila kitu, wakaeleza muda, wakaorodhesha vinavyoharibu kipimo. Njia yao ilihisi protini mara 100 zaidi ya ile ya shaba peke yake.

Umaarufu wa Lowry ungebaki wa maabarani kama si Eugene Garfield, Mmarekani wa Philadelphia, aliyeanza mwaka 1964 kuchapisha faharasa ya nani amemnukuu nani katika sayansi. Marejeo yalipohesabiwa, Lowry alikuwa mbele kwa mbali. Alipoulizwa sababu, hakujitutumua. Alieleza kwamba njia yake ilitokea tu kuwa bora kidogo, au rahisi kidogo, kuliko nyingine, na siku hizo karibu kila mtu alikuwa anapima protini. Alikiri pia kwamba anajua si makala kubwa, ingawa kimoyomoyo ilimfurahisha.

Hapo ndipo hesabu ya kunukuliwa inapoonyesha inachopima hasa. Mtafiti hulazimika kutaja mizani aliyotumia. Halazimiki kumtaja aliyegundua jambo ambalo sasa liko kwenye kitabu cha sekondari. Hakuna anayetafuta rejea ili aseme DNA ina nyuzi mbili.

Makala ya pili kwenye orodha inathibitisha hayo kwa namna ya kuchekesha zaidi. Mwaka 1970 Ulrich Laemmli, Mswisi aliyekuwa Cambridge, alichapisha katika Nature utafiti wa kirusi kinachoshambulia bakteria, akieleza jinsi protini za kichwa chake zinavyokatwa kinapojijenga. Ili kuziona, aliboresha njia ya kuzitenganisha kwa umeme ndani ya jeli, zikiwa zimelainishwa kwa sabuni kali. Njia hiyo haikupewa hata nafasi kwenye kichwa cha makala. Maabara za dunia nzima ziliichukua, na wengi wanaomnukuu Laemmli mpaka leo hawana habari na kichwa cha kirusi.

Ya tatu ni ya Marion Bradford wa Chuo Kikuu cha Georgia, mwaka 1976. Huyu alimpunguzia Lowry wateja, kwa kuwa kipimo chake kilikuwa tayari kwa dakika mbili hivi. Nacho ni cha buluu, lakini buluu yake ina historia nyingine. Rangi aliyotumia huitwa Coomassie, na hiyo ni Kumasi ya Ghana kwa tahajia ya wakoloni. Waingereza walipouteka mji huo mwaka 1896 na kumchukua mfalme wa Waasante, Prempeh, kiwanda cha Levinstein cha Manchester kilitumia jina hilo kuuzia rangi zake za sufu. Prempeh aliishia uhamishoni Shelisheli, visiwa walikopelekwa pia wafalme Mwanga wa Buganda na Kabalega wa Bunyoro. Rangi ya sufu nayo ikaishia maabarani, baada ya kuonekana mwaka 1963 kwamba hung'ang'ania protini. Jeli za Laemmli mara nyingi hupakwa rangi hiyohiyo.

Lowry mwenyewe alikuwa ameshaendelea na kazi aliyoipenda zaidi, ubongo. Alitengeneza mizani ya uzi wa kwatsi, mwembamba kuliko unywele, ulioinama kwa uzito kama fimbo ya mshipi iliyonasa samaki. Ndivyo ilivyoitwa, mizani ya fimbo ya mshipi, na mkunjo wa uzi ulisomwa kwa darubini. Ilipima sehemu za bilioni za gramu. Matone ya kemikali yalikuwa madogo kiasi cha kukauka kabla ya kazi kuisha, basi akayafanyia kazi chini ya mafuta. Kwa vifaa hivyo alipima vimeng'enya ndani ya seli moja ya neva, jambo ambalo wengi hawakudhani linawezekana. Hizo ndizo kazi ambazo wataalamu wa ubongo walimheshimu kwazo.

Alistaafu mwaka 1976, lakini aliendelea kuingia maabarani kwa miaka. Tawasifu fupi aliyoandika mwaka 1990 aliipa kichwa kinachoeleza jinsi ya kufanikiwa katika utafiti bila kuwa na akili za ajabu. Alifariki mwaka 1996.

Nature iliporudia hesabu yake mwaka 2025, makala ya 1951 ilikuwa bado ya kwanza, ikiwa imenukuliwa zaidi ya mara 350,000. Waliotia sahihi walikuwa wanne: Oliver Lowry, Nira Rosebrough, Lewis Farr na Rose Randall. Ndani ya makala zinazoinukuu, majina hayo matatu ya mwisho husomeka hivi: "na wenzake".