Maji ya Kunywa Kazini: Kinga ya Wafanyakazi wa Matanuru Kasulu na Kibondo

Wilaya za Kasulu na Kibondo mkoani Kigoma zimo katika nyanda za juu, na miji yake iko zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Asubuhi za Juni na Julai huwa na baridi, na wengi huamini kuwa madhara ya joto kazini ni tatizo la watu wa pwani. Imani hiyo ni ya hatari, kwa kuwa joto linalomdhuru mfanyakazi wa tanuru hutoka kwenye moto ulio mbele yake, wala si kwenye jua pekee.

Kazi zinazohusika

Matofali ya kuchoma huandaliwa zaidi wakati wa kiangazi, na mlisha kuni hukaa karibu na midomo ya tanuru kwa saa nyingi, pengine usiku kucha. Joto la namna hiyo huwapata pia waokaji mikate, wahunzi, na wakamuaji wa mawese wanaochemsha matunda ya michikichi katika mapipa. Katika Wilaya jirani ya Uvinza, chumvi imetengenezwa kwa kuchemsha maji ya chemchemi kwa zaidi ya miaka 1,000.

Kwa nini kiu haitoshi kuwa kipimo

Mwili hujipoza kwa kutoa jasho. Hewa ya kiangazi ni kavu, hivyo jasho hukauka upesi na mfanyakazi hatambui kiasi alichopoteza. Kiu humjia akiwa tayari amepungukiwa maji. Hapo moyo hulazimika kufanya kazi zaidi na umakini hupungua. Mbele ya moto, kizunguzungu cha sekunde chache chatosha kumsababishia majeraha ya kuungua. Hali hiyo ikijirudia kwa muda mrefu, huweza kuharibu figo.

Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2024 kuwa wafanyakazi zaidi ya bilioni 2.4 hukabiliwa na joto lililozidi kazini, na kwamba joto hilo husababisha vifo 18,970 kila mwaka.

Kiasi cha kunywa

Wataalamu wa afya kazini hushauri kikombe kimoja cha robo lita kila baada ya dakika 15 hadi 20, yaani kati ya robo tatu ya lita na lita moja kwa saa. Isizidi lita moja na nusu kwa saa, kwani maji mengi kupita kiasi huvuruga uwiano wa chumvi mwilini. Kwa hesabu hiyo, kikundi cha watu sita wanaofanya kazi kwa saa nne kinahitaji lita 18 hadi 24. Dumu moja la lita 20 lijazwe kabla moto haujawashwa na liwekwe kivulini, karibu na wafanyakazi.

Chumvi inayopotea hurudishwa na mlo wa kawaida. Jasho likitoka kwa wingi kwa saa kadhaa, maji ya chumvi na sukari husaidia: lita moja ya maji salama, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa bapa. Wenye shinikizo la damu au maradhi ya figo wapate kwanza ushauri wa mganga. Pombe haifai, kwani huongeza upotevu wa maji.

Maji hayo yachemshwe au yatiwe dawa ya kutibu maji, na kila mtu awe na kikombe chake.

Mfanyakazi mpya

Mwili huzoea joto kwa siku 7 hadi 14. Mfanyakazi mgeni aanze na sehemu ya tano ya muda wa kazi siku ya kwanza, kisha aongezewe kiasi hicho hicho kila siku.

Dalili za hatari

Mkojo wa njano iliyokolea, maumivu ya kichwa, misuli kukaza na kichefuchefu ni dalili za kupumzika kivulini na kunywa maji. Mwili kuwa wa moto sana, kuchanganyikiwa, degedege au kuzimia ni dharura. Mgonjwa aondolewe penye joto, alegezwe nguo, amwagiwe maji ya baridi na kupepewa huku akipelekwa kituo cha afya. Asiye na fahamu asinyweshwe kitu.

Wajibu wa kisheria

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, inamtaka mwajiri kuwapatia wafanyakazi maji safi na salama ya kunywa. Mfanyakazi naye ana wajibu wa kulinda afya yake na ya wenzake. Mwenye tanuru anapopanga gharama za kuni na vibarua, maji ya kunywa nayo yawe katika hesabu hiyo.