Dark Seed: siku tatu na kiinitete kichwani

Mike Dawson anaamka katika jumba alilolinunua majuzi, kichwa kinamgonga. Usiku ameota mashine ikimshindilia kiinitete cha kiumbe kigeni ubongoni. Kumbe si ndoto. Kimo humo, kinakua, na siku ya tatu kitazaliwa.

Ndivyo inavyoanza Dark Seed, gemu iliyotolewa mwaka 1992 na kampuni ya Cyberdreams ya Marekani. Zilikuwa enzi za gemu za kubofya: hupigi risasi wala huruki mashimo. Unasogeza kipanya, unabofya droo, unabofya mlango, huku ukiomba usikute kitu nyuma yake. Wenzake wengi katika fani hiyo walikuwa wachekeshaji. Hii haikuwa na mzaha.

Hofu yake ilitoka kwa H. R. Giger, mchoraji Mswisi aliyebuni zimwi la filamu ya Alien ya 1979, kazi iliyompa sehemu ya tuzo ya Oscar mwaka 1980. Giger alikubali michoro yake iingizwe kwenye kompyuta, ila kwa sharti: isigeuzwe vijisanduku. Gemu nyingi za wakati huo zilionyeshwa kwa nukta 320 kwa 200, zikiwa na rangi 256. Ili kumridhisha, watengenezaji wakapanda hadi 640 kwa 350, na kwa kompyuta za siku zile hapo rangi zikashuka hadi 16. Nani angelalamika? Giger mwenyewe alipaka kwa rangi chache, za mfupa na chuma. Ukivuka kioo cha sebuleni na kuingia ulimwengu wa giza, umasikini ule wa rangi unaonekana kama umekusudiwa.

Shujaa naye hakuwa wa kubuniwa kabisa: Mike Dawson ni jina la mbunifu wa gemu hiyo, na sura ni yake.

Kuicheza, lakini, ni adha. Saa inakwenda hata ukisimama kufikiri. Ukipitwa na kijambo kimoja siku ya kwanza, utakuja kujua siku ya tatu, na dawa ni kuanza upya. Ndiyo maana gemu fupi kiasi hicho iliwakalisha watu wiki nzima.

Sehemu ya pili ilitoka 1995, na Giger alifariki 2014. Ukitaka kuijaribu ile ya kwanza leo, cheza na maelekezo ya njia mkononi, wala usione haya.