Imekubali

Mwaka jana nilianza kuandika hadithi ya kichawi. Mhusika wangu ni msichana wa Eastlands anayeweza kuita mvua. Nilipofika sura ya nne nikampa rafiki yangu asome. Akarudi na swali moja tu: "Hizo nguvu zake zinatoka wapi?"

Nikamjibu bila kufikiria. Nikasema ako na kiasi fulani cha nguvu mwilini. Akiita mvua zinapungua, akilala zinajaa tena.

"Ah. Kama tokeni za stima," akasema.

Tulicheka, lakini nilienda nyumbani nimekereka. Wazo hilo halikuwa langu, na sikuwa nimelisoma mahali. Nilikuwa nimelicheza. Nimekulia kwenye saiba za mtaa, na karibu kila gemu ya wachawi niliyoigusa ilikuwa na vipimo viwili kwenye skrini: chekundu ni uhai, cha buluu ni mana. Buluu ikiisha, mchawi wako ni raia wa kawaida mwenye fimbo. Tulipokuwa wadogo tuliamini hiyo ni mana ya Biblia, kile chakula cha Waisraeli jangwani. Kumbe sivyo. Neno hili lina historia nyingine kabisa, na katika historia hiyo kuna watu walioibiwa.

Mana ni neno la watu wa visiwa vya Bahari ya Pasifiki. Wasomaji wa Ulaya walilijua hasa kupitia Robert Henry Codrington, mmisionari Mwingereza aliyefanya kazi miaka mingi na Wamelanesia, yaani watu wa visiwa kama vya Solomon na vile ambavyo leo vinaitwa Vanuatu. Mwaka 1891 alichapisha kitabu, The Melanesians, na humo akatoa mfano ambao bado unanipendeza. Mtu anaona jiwe lenye umbo la ajabu. Anahisi si jiwe bure. Analizika shambani, kisha anangoja. Mavuno yakiwa mazuri, amethibitisha: jiwe lina mana, na mana hiyo limepewa na roho fulani. Codrington aliongeza jambo ambalo wengi walilisahau baadaye. Alisema nguvu hii haiko peke yake, kwamba daima kuna mtu au roho anayeielekeza.

Baada yake wakaja wasomi wa Paris. Mwanzoni mwa karne ya 20, Henri Hubert na Marcel Mauss walilichukua neno hilo la visiwani wakalitumia kueleza uchawi wa dunia nzima. Émile Durkheim akalitumia tena mwaka 1912 katika nadharia yake ya dini. Huo ulikuwa wakati ambapo miji ya Ulaya ilikuwa ikiwekewa umeme, na baadhi ya waandishi wakaanza kuifananisha mana na umeme wenyewe: kitu kisicho na mwenyewe, kinachopita kutoka kitu hadi kitu, kinachoweza kujazwa na kuisha.

Miaka mingi ilipita kabla ya mtu kurudi kwenye sarufi. Mwaka 1984 mwanaanthropolojia Roger Keesing, aliyekuwa amefanya utafiti kwa Wakwaio wa kisiwa cha Malaita huko Solomon, aliandika kwamba wenzake walikuwa wamekosea tangu mwanzo. Katika lugha nyingi za Oceania, alisema, mana kwa kawaida ni kitenzi. Huwezi kuwa na debe la mana. Jambo linafanyika kama lilivyokusudiwa, basi hapo ndipo husemwa kwamba lime-mana. Kwa Wakwaio, likifanikiwa ni kwa sababu wahenga wameliridhia.

Niliposoma hapo nikasimama kidogo, maana sisi tuna neno hilo. Fundi anagusa waya, redio inalia, tunasema imekubali. Ikinyamaza, imekataa. Mgonjwa akipona, dawa imemkubali. Dua ikijibiwa, imekubaliwa. Hatumuulizi fundi amebakisha lita ngapi za kukubali. Na ukilitazama vizuri, hili ni neno la watu wawili: kuna anayeomba, na kuna anayeweza kusema hapana.

Sasa, kitenzi hicho kiligeukaje tenki la buluu?

Kwanza, gemu zilianza bila mana. Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa Gary Gygax na Dave Arneson, ulitoka mwaka 1974, na uchawi wake uliazimwa kwa mwandishi Jack Vance, aliyechapisha The Dying Earth mwaka 1950. Kwa Vance mchawi anakariri maneno ya uchawi, anayatumia, kisha yanafutika kichwani. Kama mtihani wa chuo tu.

Tenki lenyewe lilitoka kwa Mmarekani Larry Niven. Mwaka 1969 alitoa hadithi fupi, Not Long Before the End. Ndani yake kuna mchawi anayegundua kwamba akikaa mahali pamoja muda mrefu nguvu zake zinafifia, na akihama zinarudi. Kwa hiyo anatengeneza kisahani cha chuma, anakiamuru kizunguke, na kizidi kuzunguka kwa kasi hadi uchawi wote wa pale unakauka. Niven aliuita uchawi huo mana, na kwake ulikuwa mali inayochimbwa ardhini na kwisha, kama mafuta. Aliendelea na wazo hilo katika The Magic Goes Away miaka ya sabini, wakati Wamarekani walikuwa wanapiga foleni ndefu kununua petroli.

Kwa watengenezaji wa gemu, mafuta ni hesabu rahisi. Dungeon Master ya mwaka 1987 ikahesabu mana. Mwaka 1993 Richard Garfield akatoa mchezo wa karata, Magic: The Gathering, ambapo mchezaji anaweka kadi za ardhi mezani, msitu, kisiwa, mlima, kinamasi au tambarare, kisha anakamua mana humo. Diablo ikaiweka kwenye tufe la buluu, na World of Warcraft ya mwaka 2004 ikaifanya kitu cha kila siku kwa mamilioni ya watu.

Tazama tena hizo kadi. Una ardhi, unaikamua, humuulizi mtu.

Kuna mahali ambapo neno hilihili lilibishaniwa kuhusu ardhi ya kweli. Kwa Wamaori wa New Zealand, mana ni mamlaka na heshima inayotoka kwa wahenga, na ukiwa nayo una wajibu kwa watu wako na kwa ardhi. Mwaka 1835 machifu wa kaskazini walitia saini tamko la uhuru, na katika maandishi ya Kimaori walisema mana ya nchi ni yao. Miaka mitano baadaye, Februari 1840, Waingereza wakaleta Mkataba wa Waitangi. Maandishi ya Kiingereza yalisema machifu wanaikabidhi Uingereza mamlaka yote ya nchi. Mmisionari Henry Williams aliyatafsiri usiku mmoja, na kwenye kifungu hicho hakutumia mana. Alitumia kāwanatanga, yaani kazi ya kāwana, gavana. Neno la mkopo, kama letu. Machifu wengi walitia saini karatasi ya Kimaori. Mwaka 1972 mwanahistoria Ruth Ross aliichambua tafsiri hiyo, na tangu hapo hoja imekuwa moja: kama pale pangeandikwa mana, ni chifu gani angetia saini? Mwaka 2014 baraza linalosikiliza malalamiko ya mkataba huo, Waitangi Tribunal, lilisema wazi kwamba machifu waliotia saini Februari ile hawakuachilia mamlaka yao. Lakini kufikia hapo sehemu kubwa ya ardhi ilikuwa imeenda zamani.

Kwa hiyo neno ambalo mkataba haukuthubutu kuliandika ndilo sisi tunalijaza kwa chupa ya buluu, shilingi moja kwa dakika.

Sisemi mtu aache gemu. Mimi mwenyewe bado nacheza. Lakini nikiandika najiuliza kwa nini nilimpa mtoto wa Eastlands tenki, kana kwamba mvua ni mali ya anayejua kuifungulia mfereji.

Nimeiandika upya sura ya nne. Sasa msichana anapanda juu ya paa la ploti na anaomba. Anaowaomba wanamkumbusha ahadi aliyoivunja katika sura ya pili, na mvua inakataa. Rafiki yangu ameisoma. Amelalamika kwamba imekuwa ndefu na vita vinachelewa.

Halafu akauliza watakubali lini.