Waya Uliopita Mbele ya Chula

Ndugu msomaji, fungua ramani uifuate pwani kutoka Kismayo kuelekea Ras Kiamboni. Utaona safu ya visiwa vidogo: Koyama, Chovai, Chula na vinginevyo. Hivi ni visiwa vya Wabajuni, mabaharia na wavuvi ambao lahaja yao ni ndugu wa Kiswahili chetu. Uvikumbuke tunapozungumzia jambo ambalo mara nyingi huachiwa mawaziri na wakurugenzi: mapatano ya serikali na makampuni juu ya mawasiliano yanayobeba kazi za umma.

Mapatano hayo si mageni kwetu. Tarehe 22 Januari 1879 jeshi la Uingereza lilishindwa na Wazulu huko Isandlwana, na habari haikufika London hadi tarehe 11 Februari, kwa kuwa hapakuwa na waya wa simu kati ya Afrika Kusini na Ulaya. Kabla mwaka haujaisha, Eastern and South African Telegraph Company ililaza waya baharini kutoka Aden hadi Unguja, Msumbiji na Durban. Kampuni ilileta meli na mafundi. Serikali zikatoa ruzuku. Waya ulitua palipokuwa na haja ya dola na biashara, na visiwa vya Wabajuni havikuwamo katika hesabu hiyo.

Mwaka 1925 Uingereza iliikabidhi Italia nchi ya Jubaland pamoja na visiwa hivyo. Wabajuni wakajikuta pande mbili za mpaka: hawa wa Chula upande mmoja, ndugu zao wa Faza na Kiwayuu upande wa pili.

Mpaka huo ulidhihirisha uzito wake mwaka 2009. Serikali ya Kenya, ilipochoka kuusubiri mradi wa EASSy uliohusisha nchi nyingi, ilishirikiana na Etisalat ya Imarati kulaza mkongo wa TEAMS kutoka Fujairah hadi Mombasa. Makampuni ya simu ya Kenya yalinunua hisa, na serikali ikabakiza sehemu yake. Mwaka huohuo mkongo wa Seacom, mali ya wawekezaji binafsi, nao ukatua Mombasa. Miaka mitano baadaye raia wa Kenya walianza kuomba hati za serikali kwa njia ya eCitizen.

Somalia haikuwa na serikali ya kuketi katika kikao cha namna hiyo, kwa kuwa dola yake ilianguka mwaka 1991. Makampuni binafsi yalijenga mitandao kwa mtaji wao wenyewe, na haki yao tuwape: yaliwawezesha watu kuzungumza na kutumiana pesa kwa simu, hata pale ambapo hapakuwa na benki wala posta. Hata hivyo, jitihada hiyo haikuwa na mlinzi wa maslahi ya umma.

Linganisha nanga mbili. Februari 2012 nanga ya meli iliukata mkongo wa TEAMS karibu na Mombasa. Intaneti ikapungua kasi, lakini haikuzimika, maana palikuwa na njia nyingine. Juni 2017 meli iliukata mkongo uliotegemewa na Mogadishu. Kusini na kati ya Somalia kulikaa zaidi ya wiki tatu bila huduma hiyo, na serikali ikakadiria hasara ya dola milioni 10 kwa siku. Oktoba mwaka huo sheria ya mawasiliano ilitiwa saini, ikaweka mamlaka ya kuyasimamia makampuni. Februari 2021 Benki Kuu ya Somalia ikatoa leseni yake ya kwanza ya huduma ya pesa kwa simu.

Sasa Somalia inasajili raia wake kwa kitambulisho cha taifa kilichozinduliwa mwaka 2023. Katiba ya muda ya mwaka 2012 inataja Kisomali na Kiarabu, Kibajuni haikitaji. Mvuvi wa Chula atajisajili wapi, kwa lugha gani, na atamlalamikia nani jina lake likiandikwa vibaya?

Kwa hiyo, msomaji, popote ulipo, serikali yako inapotangaza ubia na kampuni, uliza mambo matatu: nani analipa, nani ameamua huduma itue wapi, na nani atawajibika ikikatika. Uliza kabla mkataba haujatiwa saini, kwa sababu waya ukishalazwa, ni vigumu kuuhamisha.